Daftari la Wiki: Mtoto wa Kupakatwa

Ndege nyingi za kwenda Ulaya huondoka Nairobi usiku, na wazazi huzichagua wakiamini mtoto atalala. Mtoto wa mwaka na nusu hulala kweli, ila mapema mno: mgongoni, ndani ya kanga, kwenye foleni ya ukaguzi. Hapo mama huambiwa afungue kanga, na usingizi umekwisha. Ndege ikishapaa taa bado zinawaka, chakula kinagawiwa, na mtoto yuko macho.

Katika safari moja ya Amsterdam nilikaa nyuma ya mama kijana aliyempakata binti wa umri huo. Mtoto alijipinda kama upinde akilia, mama jasho linamtoka, huku akimwomba radhi kila aliyegeuka. Bibi mmoja upande wa pili wa ujia akanyoosha mikono.

“Mwanangu, nipe mjukuu wangu nimshike. Wewe kula kwanza.”

“Asante, bibi, lakini hazoei watu upesi.”

“Atanizoea.”

Bibi akavua bangili zake moja moja, akampa mtoto azivae na kuzivua. Mama akala chakula kingali cha moto. Hakuna sababu ya mzazi kuomba radhi kwa kilio cha mtoto, na wengi wetu tunaokaa karibu tunaweza kufanya alichofanya bibi yule.

* * *

Kilio cha mwisho wa safari mara nyingi ni cha masikio. Mrija unaounganisha sikio la kati na koo ni mwembamba kwa mtoto, tena umelala, kwa hiyo hewa hupita kwa shida. Ndani ya ndege hewa huwa kama ya mlimani, kwenye kimo cha mita 1,800 hadi 2,400. Uwanja wa Nairobi wenyewe uko zaidi ya mita 1,600, kwa hiyo wakati wa kupaa mtoto wa huko huhisi mabadiliko madogo tu. Kazi iko kwenye kushuka, maana uwanja wa Amsterdam uko chini kidogo ya usawa wa bahari. Basi titi au chupa visimalizwe mwanzoni. Ndege ikianza kushuka, yapata nusu saa kabla ya kutua, mwamshe mtoto anyonye au anywe kidogo kidogo. Kumwamsha kunauma roho, lakini kumeza ndiko kunakoyafungua masikio.

* * *

Asiyetimiza miaka miwili hupakatwa, na kwa safari za nje nauli yake huwa kama asilimia 10 ya ile ya mtu mzima. Ni nafuu kubwa kwa familia. Lakini tarehe 19 Julai 1989 ndege ya United 232, iliyotoka Denver kwenda Chicago, ilianguka ikijaribu kutua kwa dharura Sioux City. Watoto wanne waliokuwa wakipakatwa waliwekwa sakafuni, kama taratibu za siku hizo zilivyoagiza. Mmoja alikufa. Jan Brown, kiongozi wa wahudumu wa ndege hiyo, aliyekuwa ametoa agizo hilo, alitumia miaka mingi baadaye akidai kila mtoto awe na kiti chake na mkanda wake.

Mwaka 2005 mamlaka ya anga ya Marekani ilikataa kulazimisha hilo. Hoja yake: wazazi wakilipishwa kiti cha pili, baadhi watasafiri kwa gari, na barabarani ndiko watoto wanakokufa zaidi. Kwa safari za ndani ya Marekani hoja hiyo ina uzito. Kwa Nairobi na Amsterdam haina, maana hakuna atakayekwenda kwa gari. Mashirika yanayobeba familia zetu kwa saa nane na zaidi yangeweza kuuza kiti cha mtoto mchanga kwa bei ambayo mama wa kawaida anaimudu, na ningependa shirika mojawapo lianze.

* * *

Kwa anayevuka hadi New York: saa za huko ziko nyuma ya Nairobi kwa saa saba au nane, na mtoto ataamka saa tisa usiku akitaka uji. Mpe, kisha kukicha mtoe nje apate jua. Shangazi waliokuja kumwona wasubiri jioni.