Ruzuku ya kulaza mashamba: mwenye ardhi hulipwa, mwenye duka hulipia

Bei ya ngano inaposhuka Chicago, wakulima wa Marekani huumia. Wapo hata hivyo wenye mashamba ambao hundi yao haitikisiki. Hao ni wale waliotia saini mkataba na Serikali wa kulaza ardhi.

Mpango huo, unaojulikana kwa kifupi kama CRP, ulianzishwa na sheria ya kilimo ya mwaka 1985. Mwenye shamba huacha kulima kwa miaka 10 hadi 15 na kupanda nyasi. Serikali humlipa kodi ya pango kila mwaka na huchangia hadi nusu ya gharama ya kupanda. Kwa mwekezaji, mkataba huu unafanana na hati ya dhamana: faida si kubwa, lakini hujulikana mapema.

Nia ni njema. Kaunti ya Baca, kusini-mashariki mwa Colorado, inajua hasara ya kulima kila kipande. Katika ukame wa miaka ya 1930 upepo ulipeperusha udongo wake na familia nyingi zikahama. Wakazi walikuwa zaidi ya 10,000 mwaka 1930. Mwaka 2020 walihesabiwa kiasi cha 3,500.

Lakini hesabu ina upande wa pili. Shamba lililolala halinunui mbegu, mbolea, dizeli wala vipuri vya trekta. Ghala la nafaka halipati mzigo. Mwenye ardhi anaweza kuishi Denver na hundi ikamfuata huko. Mwenye duka mjini Springfield, makao makuu ya kaunti, hawezi kuwafuata wateja. Kijana anayetafuta shamba la kukodi naye hujikuta akishindana na Serikali.

Bunge la Marekani lililiona hilo. Sheria inazuia mpango usichukue zaidi ya asilimia 25 ya ardhi ya mazao katika kaunti moja, isipokuwa uchumi wa mahali hautadhurika. Kizuizi hicho kisilegezwe.

Udhaifu mkubwa zaidi uko sokoni. Mwaka 2007 mpango ulifikia kilele cha ekari zaidi ya milioni 36. Mwaka 2012 mahindi yalipita dola 7 kwa busheli, na wengi ambao mikataba yao ilikwisha walirudi kulima. Hivyo Serikali hupata ardhi bei ikiwa chini na huipoteza bei ikipanda. Nyasi zilizolipiwa miaka kumi huweza kulimwa kwa msimu mmoja.

Njia bora ipo tayari. Upo mkataba wa aina nyingine ambao humlipa mwenye ardhi huku ng'ombe wakiendelea kulisha. Udongo unalindwa, na bado mfugaji anahitaji waya wa uzio, dawa za mifugo na mafuta ya gari. Fedha ya Serikali inazunguka katika kaunti badala ya kupita tu. Fungu la ruzuku lielekezwe huko kwanza.

Mfanyabiashara wa nafaka naye asiangalie bei ya Chicago peke yake. Mikataba hii huisha tarehe 30 Septemba. Mwaka ambao mingi inaisha na bei iko juu, ekari mpya huingia sokoni, na bei ya juu haikai sana.