Oili ya Gari Inapobadilishwa Uani



Wasomaji wetu wamezoea kutukuta ukurasa huu tukizungumza juu ya malezi, mirathi, na haki za mke na mume. Wiki hii watatukuta chini ya gari. Wasistaajabu sana, kwani gari siku hizi limekuwa kiungo cha nyumba kama lilivyo jiko, na pana nyumba ambazo jiko halitiwi moto mpaka gari liwe limekwenda kazini kwanza. Miongoni mwazo ni nyumba moja tuliyofikia Kaplong mwezi uliopita.

Kwa asiyepajua, Kaplong ni njia panda katika nchi ya chai. Barabara itokayo Narok na Bomet hukutana hapo na ile ya Kericho ipitayo Litein na Kapkatet, kisha msafiri hushuka Sotik na kuelekea Kisii. Kutwa matatu zasimama na kuondoka, na malori ya majani mabichi ya chai yapita yakielekea viwandani. Asubuhi pana baridi ambayo mtu wa Mombasa huiona kama adhabu. Katika nyumba hiyo mama ni binti wa pwani aliyefuata maisha bara, mumewe yuko Ghuba kwa kazi ya udereva, na riziki ya kila siku inategemea Probox moja inayochukua bidhaa na abiria siku za soko. Gari hilo likilala, karo ya watoto wanne imelala nalo.

Swali lao lilikuwa hili. Kila baada ya kilomita 5,000 walikuwa wakilipeleka gari gereji (jina lake hatulitaji, wala halina haja ya kutajwa) na kulipia oili mpya, filta mpya na ufundi. Binti mkubwa, ambaye yuko kidato cha nne na ana jicho la kipelelezi, akaingiwa na shaka. Siku moja kabla ya gari kupelekwa akaipaka filta doa dogo la rangi ya kucha, upande usioonekana kwa urahisi. Hiyo rangi ya kucha tumeisema sana hapa katika mlango wa udhu. Hatukujua kwamba ina manufaa mengine. Gari liliporudi, risiti ilisema filta mpya, na doa lilikuwa pale pale.

Mama alituuliza, “Sheikh, tuwaambie watu wote wa Kaplong wasiende kwa yule, au tunyamaze?”

Tulimwambia aanze na mwenyewe, kwa siri na kwa risiti mkononi. Huenda kosa ni la kijana wa kazi na mwenye gereji hana habari. Huenda pia ni la mwenyewe, na hapo atakuwa amepewa nafasi ya kurudisha haki ya watu. Mama akaenda. Fedha ya filta ilirudishwa bila ya maneno mengi, jambo ambalo kila msomaji atalipima mwenyewe. Lakini imani ikishatoka katika amana huwa ngumu kurudi, nao wakaazimia kuanzia hapo kazi hiyo waifanye uani kwao wenyewe, mama akishika kitabu cha gari na binti akishika spana.

Nasi twaliunga mkono jambo hilo, ingawa tuliwatahadharisha wasitarajie utajiri. Ukiinunua oili dukani na filta dukani, unachookoa ni ule ufundi tu, ambao si fedha nyingi. Unachokipata ni yakini kwamba kilichotakiwa kutiwa kimetiwa.

Yafaa mtu ajue oili inafanya kazi gani. Ndani ya injini vyuma hupita juu ya vyuma mara elfu kadhaa kwa dakika moja. Kinachovizuia visilane ni utando mwembamba wa oili. Oili hiyo hiyo hupunguza joto, husafisha masizi na kuyabeba, na huzuia kutu. Filta nayo hukamata vumbi na chembe za chuma zinazotembea ndani ya oili. Siku zikipita, oili huchoka na filta hujaa. Filta ikijaa kabisa, injini nyingi zina mlango mdogo unaofunguka ili oili ipite bila ya kuchujwa, kwa sababu oili chafu ni afadhali kuliko kukosa oili. Basi yule aliyelipishwa filta na asitiwe, gari lake halifi siku hiyo wala mwezi huo. Linaliwa kidogo kidogo, na ndiyo sababu dhuluma hii ni rahisi kwa anayeitenda.

Kuhusu aina ya oili, twaona watu wa pwani wanapenda oili nzito, 20W-50, kwa hoja kwamba kwetu kuna joto. Magari mengi ya Kijapani tunayoyaendesha leo yametengenezwa kwa oili nyepesi, kama 5W-30. Tarakimu ya kwanza, yenye herufi W, inaonyesha oili itakavyotiririka injini ikiwa baridi. Ya pili inaonyesha uzito wake injini ikishapata moto. Kaplong alfajiri, oili nzito huchelewa kufika juu ya injini, na wakati huo wa kuchelewa ndipo vyuma vinaposagana. Fuateni kitabu cha gari, msifuate mazoea ya barazani. Na mnunue katika duka linalojulikana, kopo likiwa na lakiri yake na alama ya ubora ya KEBS, kwani oili bandia zipo sokoni.

Sasa kazi yenyewe. Gari liwe juu ya ardhi iliyo sawa, breki ya mkono imevutwa, na magurudumu yamewekewa mawe au kabari. Hapa tunataka kusema kwa ukali kidogo: mtu asiingie chini ya gari lililobebwa na jeki peke yake. Jeki ni ya kuinulia, si ya kulitegemea gari lisimame juu yake. Jeki huteleza, na katika udongo mwekundu wa Kaplong uliolowa mvua huzama upande mmoja. Wekeni stendi za chuma zilizo imara, juu ya ubao mnene kama ardhi ni laini, mlitikise gari kabla mtu hajaingia. Asiye na stendi, na gari lake ni la chini, basi kazi hii aipeleke kwa fundi mwingine aliye mwaminifu, asimame pale pale atazame. Watoto wadogo wawe mbali na uani mpaka kazi imalizike.

Injini iwashwe dakika chache ili oili ipate uvuguvugu na kutiririka vyema, kisha izimwe. Isiwe ya moto, kwani oili ya moto huunguza ngozi vibaya. Mfuniko wa juu wa kutilia oili ufunguliwe, karai liwekwe chini, na boliti iliyo chini ya sampu ilegezwe kwa spana halafu imaliziwe kwa vidole. Oili hutoka kwa kasi na kwa mshazari, basi karai lisogezwe kwa kulifuata. Binti wa Kaplong mara ya kwanza aliliweka kuukuu moja kwa moja chini ya tundu, na theluthi ya oili ikaingia katika kiatu chake.

Ikishakwisha kudondoka, boliti irudishwe na washa mpya. Isikazwe kwa hasira: sampu nyingine ni za aluminiamu na meno yake hukatika, na hapo mtu hununua sampu nzima. Kisha filta ya zamani ifunguliwe. Na hapa ndipo tunapoomba umakini wa kila mmoja, kwa sababu hitilafu hii imeua injini nyingi. Filta ina duara la mpira. Mara nyingine filta hutoka na mpira hubaki umenata juu ya injini. Ukifunga filta mpya juu ya mpira wa zamani, mipira inakuwa miwili, haikai sawa, na oili yote yaweza kumwagika barabarani kwa dakika chache. Pitisheni kidole na tambara safi pale mahali mpaka muwe na hakika. Mpira wa filta mpya upakwe oili mpya kidogo, filta ifungwe kwa mkono mpaka mpira uguse, kisha izungushwe tena kiasi cha robo tatu ya mzunguko, au kama ilivyoandikwa juu yake.

Oili mpya itiwe kwa faneli, pungufu kidogo ya kiasi kilichotajwa kitabuni. Kwa Probox yenye injini ya 1500 kiasi ni karibu lita 3.7 pamoja na filta. Washeni injini; taa nyekundu ya oili izimike baada ya sekunde chache, na isipozimika, zimeni mara moja. Chungulieni chini kama kuna tone. Zimeni, ngojeni dakika tano, mpime kwa kijiti. Alama ya oili iwe baina ya vikomo viwili. Kuzidisha nako si wema, kwani oili ikizidi hupigwapigwa ndani ikafanya povu, na povu halilainishi chuma. Andikeni tarehe na kilomita katika daftari.

Kufikia hapo mama na binti walikuwa na furaha, na haki yao. Ila lilibaki karai lenye lita zaidi ya tatu za kitu cheusi, na hapo ndipo lilipotokea lililotufanya tuandike makala haya.

Kijana wao wa kiume, mwenye miaka 13, aliambiwa akaimwage. Hakuambiwa wapi. Akaimwaga nyuma ya migomba, kwenye mteremko. Chini ya mteremko huo pana chemchemi ambayo jirani yao, bibi wa Kikipsigis ambaye watoto wote wa pale humwita kogo, yaani nyanya, huteka maji yake. Mvua ikanyesha usiku. Siku ya pili bibi akaja mlangoni na mtungi wake, hakugomba, akauonyesha tu: juu ya maji palikuwa na rangi za upinde.

Tulikuwa bado wageni nyumbani hapo. Mama aliona haya kiasi cha kutaka kumtuma mtoto akaseme. Tulimwambia aende mwenyewe, na mtoto aandamane naye. Wakaenda, wakaomba radhi. Kisha wakachimba udongo wote uliolowa oili, wakautia magunia ya nailoni ili usishuke zaidi, na wakachukua jukumu la kumletea bibi maji safi kwa ile Probox kila siku mpaka chemchemi isafike. Bibi alisema si lazima. Tukamwambia mama kwamba huo ni ukarimu wa bibi, na wajibu wa mama uko pale pale. Hadi tunaondoka maji yalikuwa bado yanapelekwa.

EPA, idara ya mazingira ya Marekani, imekuwa ikiwaonya watu wake kwamba oili inayotolewa garini mara moja tu yaweza kuharibu galoni milioni moja za maji safi. Na maji ya Kaplong hayakai Kaplong. Vijito vya upande ule huingia mto Kipsonoi, Kipsonoi huungana na Yurith ukawa mto Sondu, na Sondu humwaga maji yake Ziwa Victoria. Sisi wa pwani tusijione tumesalimika: mtaro wa mtaa wetu waelekea bahari ile ile tunayovua samaki.

Basi oili chafu imiminwe polepole katika kopo lile lile la oili mpya, lifungwe, liandikwe. Kamwe isitiwe katika chupa ya soda wala ya mafuta ya kupikia. Mtoto hajui kusoma rangi. Filta ya zamani iachwe idondoke hadi siku ya pili, maana hubeba oili nyingi ndani. Kisha vipelekwe gereji au kituo cha petroli kinachokusanya oili iliyotumika na kuiuzia wenye kibali cha NEMA. Ulizeni kabla hamjaifungua boliti, si baada yake. Pana wanaoitaka ya kupakia nguzo za ua kwa ajili ya mchwa, nasi hatulipendi sana hilo penye mvua nyingi, kwani huoshwa ikaingia ardhini vile vile. Na wale wanaompaka ng’ombe au mbwa mwenye ukurutu, au hata kidonda cha mtu, waache. Oili iliyotumika ina sumu zitokanazo na kuungua, na wataalamu wanaihofia kwa saratani ya ngozi mtu akiigusa kwa muda mrefu. Vaeni glavu. Mikono isafishwe kwa mafuta ya kupikia na sukari kidogo, kisha sabuni, si kwa petroli.

Binti alituuliza mwisho, “Ami, na udhu je? Kucha zangu hazitoki weusi.” Jawabu ni kwamba oili ya gari si najisi, basi nguo iliyorukiwa nayo yasihi kuswaliwa, japo kuibadilisha ni adabu bora. Ama mikono, wanachuoni wa madhehebu yetu ya Shafi wamepambanua. Kikiwa juu ya ngozi au chini ya kucha ni kitu chenye mwili, kama tope la grisi linalozuia maji yasifike, lazima kiondolewe kabla ya udhu. Ikiwa kilichobaki ni athari tu, ngozi yateleza na maji yateremka juu yake bila ya kuganda, udhu wake ni sahihi. Alama ya rangi peke yake haidhuru. Na kwa kuwa kazi hii huchukua karibu saa nzima pamoja na kusugua mikono, yafaa ianzwe baada ya swala, si adhana ikiwa karibu.