Wakikuita Mlimani Jumamosi, Nenda

Kila mwezi wa Agosti vyuo vikuu vya Norway hupokea wanafunzi wapya kutoka nje, na miongoni mwao wamo vijana wa Afrika Mashariki. Mji mmoja wanaofikia ni Bergen, bandari ya pwani ya magharibi ambayo chuo kikuu chake kimeshirikiana kwa miaka mingi na Makerere na Muhimbili. Bergen imezungukwa na milima saba, na mwaliko wa kuipanda huja bila taarifa: asubuhi ya Jumamosi ujumbe unaingia kwenye simu, jua limetoka, wenzako wa bwenini wanapanda Ulriken, wanauliza nani yuko tayari baada ya nusu saa. Kijana aliyelelewa kuheshimu ratiba, na ambaye ukoo mzima unamtazama, huona mwaliko wa namna hii kuwa ni anasa au utoto. Nashikilia kinyume chake. Mwanafunzi wa ng'ambo anayekubali safari hizi za ghafla anapata sehemu ya elimu ambayo hakuna ukumbi wa mihadhara unaoweza kumpa, na anayezikataa kila mara anajinyima sehemu ya kile alichokifuata.

Tuanze na huo ughafla wenyewe, kwa kuwa ndio unaowatia wengi mashaka. Upepo wenye unyevu hutoka Bahari ya Atlantiki, ukafika pwani, ukalazimika kupanda milima, ukapoa na kumwaga mvua. Kwa sababu hiyo Bergen hupata zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, takriban maradufu ya mvua ya Dar es Salaam. Disemba ikifika, mwanga wa mchana hudumu kwa saa zipatazo sita tu. Katika mji wa namna hiyo, anayepanga leo kwamba atapanda mlima Jumamosi ya tatu kutoka sasa anabahatisha. Wenyeji wamejifunza kusoma utabiri wa Yr, huduma inayoendeshwa na taasisi ya hali ya hewa ya nchi hiyo pamoja na shirika la utangazaji la NRK, na mbingu zikifunguka hutoka. Wapo watakaosema haraka haraka haina baraka. Lakini lugha hiyohiyo imetuachia kwamba ngoja ngoja huumiza matumbo, na mwanafunzi anayengoja siku iliyo kamili kwa kila hali anaweza kumaliza shahada akiwa ameiona milima saba kupitia dirisha la maktaba.

Sababu ya pili ni kwamba nchi yenyewe imeifungua milima hiyo kwa kila mtu, mgeni akiwamo. Sheria ya Norway ya mwaka 1957 kuhusu maisha ya nje inampa kila mtu haki ya kutembea kwa miguu katika ardhi isiyolimwa, hata kama ardhi hiyo ni mali ya mtu binafsi, alimradi asiharibu kitu na asiwabughudhi wengine. Hakuna kiingilio, hakuna kibali, hakuna mlinzi wa kumweleza unatoka wapi. Chama cha watembea milimani cha nchi hiyo, DNT, kilichoanzishwa mwaka 1868, huchora herufi T nyekundu kwenye mawe na miti ili mtu asipotee. Anayetaka kufika kileleni mwa Ulriken, mita 643 juu ya bahari, anaweza kulipia gari la kamba, lakini njia ya miguu ni bure. Viatu na koti la mvua navyo si lazima vinunuliwe siku ya kwanza, kwa kuwa yapo maghala ya kuazima vifaa vya michezo bila malipo yanayoitwa BUA. Mgeni ambaye anahesabu kila krona anapata hapa kitu adimu katika nchi ghali: siku nzima isiyomgharimu zaidi ya mkate, chupa ya maji na nauli ya basi.

Hata hivyo, faida kubwa zaidi ni watu. Upweke wa mwanafunzi wa ng'ambo ni jambo zito, na hauwahusu wageni peke yao: uchunguzi wa kitaifa wa afya ya wanafunzi wa Norway, SHoT, umeonyesha kwamba hata miongoni mwa wenyeji wapo wengi wanaojihisi wapweke. Mgeni anayetoka penye salamu ndefu na milango iliyo wazi hufika mahali ambapo abiria wawili ndani ya basi hawasemezani, akadhani hapendwi. Huko mlimani desturi hubadilika. Watu wanaopishana njiani husalimiana, waliokaa mwambani hugawana chakula, na saa nne za kupanda na kushuka hutoa nafasi ya maongezi ambayo dakika kumi za mapumziko darasani haziwezi kuitoa. Mjerumani, Mnepali, Mnorwe na Mtanzania wote wanahema sawasawa kwenye mteremko mmoja, na aliyetangulia lazima amsubiri aliyechoka. Kutokana na siku kama hizo mtu hupata wa kumpigia simu anapougua, wa kumsomea rasimu ya tasnifu, na baadaye wa kushirikiana naye katika utafiti. Tunapowapeleka vijana wetu nje tunasema tunataka wajenge mahusiano na dunia. Mahusiano hayo huanza kwa mtu kukubali kuongozana na wenzake.

Pingamizi la kwanza ni la fedha na muda, nalo linastahili jibu la heshima. Tangu msimu wa masomo ulioanza mwaka 2023, vyuo vya umma vya Norway huwatoza ada wanafunzi wanaotoka nje ya Eneo la Kiuchumi la Ulaya na Uswisi, wakati hapo awali masomo yalikuwa bure. Familia iliyouza kiwanja ili mtoto asome ina haki ya kuuliza kwa nini anapanda milima. Jibu ni kwamba hakuna anayeweza kusoma vizuri siku saba kwa juma. Mwaka 2014 Marily Oppezzo na Daniel Schwartz wa Chuo Kikuu cha Stanford walichapisha majaribio yaliyoonyesha kwamba watu hubuni mawazo mapya mengi zaidi wanapotembea kuliko wanapokuwa wamekaa. Majaribio hayo hayakuonyesha faida kama hiyo kwa maswali yenye jibu moja tu, kwa hiyo hakuna anayedai kwamba mlima unachukua nafasi ya kitabu. Lakini anayeandika tasnifu anahitaji mawazo mapya pia. Na tuseme kweli: Jumamosi nyingi ambazo mwanafunzi hakwenda mlimani hazikuishia kwenye vitabu, ziliishia kitandani na simu mkononi. Kinachompasa ni kujua kazi ipi ina tarehe ya mwisho Jumatatu, na Jumamosi hiyo akatae bila kuona haya.

Pingamizi la pili ni la usalama, na hapa wanaoonya wana haki kabisa. Pasaka ya mwaka 1967 watu 18 walifariki katika milima ya Norway, na msiba huo ulifanya kanuni za busara ya mlimani zisambazwe nchi nzima. Kanuni hizo ni tisa. Ya kwanza inamtaka mtu apange safari yake na awaambie wengine njia atakayopita. Ya nane inamwambia ageuke mapema, kwa kuwa kurudi si aibu. Je, kanuni inayodai mpango haipingani na safari ya ghafla? Haipingani, maana uamuzi unaweza kuwa wa dakika moja ilhali maandalizi ni ya kudumu. Begi lenye koti, sweta, tochi na chakula linaweza kukaa tayari nyuma ya mlango. Kuangalia utabiri na kumwachia jirani ujumbe hakuchukui robo saa. Mgeni asiyeijua theluji asipande wakati wa baridi bila wenyeji wenye uzoefu, na kundi likitaka kuendelea wakati ukungu unashuka, awe na ujasiri wa kusema turudi.

Lipo pia neno linalosemwa kwa sauti ya chini, kwamba kupanda milima kwa kujifurahisha ni mambo ya Wazungu. Historia hailiungi mkono. Wazungu Hans Meyer na Ludwig Purtscheller walipofika kilele cha Kilimanjaro mwaka 1889, walikuwa wamesaidiwa na waongozaji na wapagazi, Wachagga wakiwamo. Huko Bergen kwenyewe, ngazi za mawe zinazopanda Ulriken zimejengwa na mafundi wa Kisherpa kutoka Nepal. Mwafrika anayepanda pale haazimi utamaduni wa mtu. Anadai nafasi yake katika jambo ambalo watu wa rangi zote wamelijenga kwa jasho.

Wanaowaaga vijana hawa, yaani wazazi, wafadhili, vyuo vyetu na balozi zetu, huwapa nasaha nyingi kuhusu ada, baridi na mitihani. Waongeze moja. Wawaambie kwamba mwaliko wa ghafla wa kwenda mlimani na wenzao si kishawishi cha kukwepwa, ni sehemu ya masomo. Wawafundishe kanuni za usalama kabla hawajapanda ndege. Na vyama vya wanafunzi wetu walioko huko viwapeleke wageni mlimani mara ya kwanza kabla baridi haijaingia. Shahada inaweza kupatikana kwa kukaa chumbani miaka miwili. Kuijua nchi na watu wake hakupatikani hivyo, na kijana anayerudi na cheti bila ujuzi huo amelipia safari nzima akatumia nusu yake.