Behewa la mwisho litafungukia wapi?

Tukiota treni ya kila siku ya Eldoret, moja itoke Kitale (reli ilifika huko 1926) na nyingine Bungoma, tunahesabu mabehewa tu. Abiria wakizidi, ongeza mawili!

Sisi wa programu tunalijua kosa hilo. Weka herufi kumi kwenye nafasi ya nane, mbili zitamwagika. Kwenye treni wanaomwagika ni watu: mama na mtoto mgongoni, anaruka kutoka behewa la nyuma mpaka kwenye kokoto.

Urefu wa treni unaamuliwa na jukwaa fupi kuliko yote njiani. Huko London, stesheni ya Cutty Sark ya reli ya DLR iko chini ya ardhi. Treni zilirefushwa, jukwaa likabaki fupi, na kuchimba upya ni gharama ya ajabu. Basi milango ya mbele na ya nyuma haifunguki pale. Abiria husogea katikati.

Ujanja mzuri, lakini mlango wa kufunguliwa kwa mkono hausikii programu. Na kwetu hakuna handaki, ni mawe, udongo na saruji. Mimi nasema majukwaa yapimwe na kurefushwa kwanza, ndipo treni inunuliwe.