Kidude Mkononi, Mbogo Kichakani

Msomaji wangu, kama wewe ni mkazi wa Komarock na unapanga kushika barabara ya Kangundo na wanao hadi Kilimambogo, mlima wenye kimo cha mita 2,145, huenda jirani akakuazima kile kidude cha GPS. Kichukue, lakini ngoja kidogo.

Ramani zetu za zamani za Idara ya Upimaji, hata zile zilizopigwa picha na kutiwa kwenye kompyuta, zilichorwa kwa kipimo kiitwacho Arc 1960. Kidude huja kimewekwa WGS 84. Ukizitafuta namba zake kwenye ramani hivyo hivyo, utajikuta umekosea kwa karibu mita 300. Mita 300 ni nini? Hapa mtaani ni kutoka stejini hadi dukani. Kule ni kichaka kizima, na humo mna mbogo walioupa mlima jina lake.

Basi chagua Arc 1960, ujaribu ukiwa bado langoni, mahali unapopajua. Beba betri za akiba. Kisha mwombe askari wa KWS awasindikize, na watoto wasitangulie.