Kikapu cha Chimwaga Chakosa Watazamaji

Ndugu msomaji, ukionekana Jumapili alasiri hapa Dodoma umemshika mwanao mkono, hakuna atakayekuuliza uendako. Unakwenda Jamhuri kuitazama Dodoma Jiji, timu iliyopanda Ligi Kuu mwaka 2020. Lakini ni lini ulipanda Chimwaga, Chuo Kikuu cha Dodoma, kuwatazama vijana wakicheza mpira wa kikapu?

Sikulaumu. Chuo hicho, kilichoanzishwa mwaka 2007, kiko vilimani, kiasi cha kilometa 8 kutoka katikati ya mji. Mfanyakazi wa Kizota au Chang'ombe mwenye watoto watatu hana budi kuhesabu nauli ya kwenda na kurudi kabla hajauwaza mchezo wenyewe. Tena viwanja vyetu vingi vya kikapu havina paa, na upepo wa kiangazi wa Dodoma unaujua: mpira uliorushwa kutoka mbali hupotoshwa njiani, na mtazamaji hubaki akijikunyata.

Liko na jambo zito kuliko hayo. Yanga ya mwaka 1935 na Simba ya mwaka 1936 hurithiwa na mtoto kwa baba yake. Mchezaji wa chuo, kwa kawaida, husoma miaka mitatu akaondoka, pengine ndiyo kwanza mwanao ameanza kulishika jina lake. Utampenda nani hapo?

Hata hivyo umbali si kisingizio cha kutosha. Hasheem Thabeet, kijana wa Dar es Salaam, alichezea Chuo Kikuu cha Connecticut, Marekani, hadi mwaka 2009, alipochaguliwa wa pili katika mchujo wa NBA na timu ya Memphis Grizzlies. Chuo hicho kilianza mwaka 1881 kama shule ya kilimo, nacho kiko Storrs, mahali pa mashamba. Lakini ukumbi wake wa michezo huchukua watu wapatao 10,000! Wana fedha, ndiyo, tusijidanganye. Ila hawakai juu wakingoja watu wawafuate: baadhi ya michezo yao huchezwa Hartford, mji mkuu wa jimbo, waliko wakazi.

Kuuteremsha mchezo mjini hakuhitaji ukumbi wa namna hiyo. Kwahitaji sakafu ya saruji, magoli mawili, na mtu mwenye kipaza sauti atakayeeleza kwa nini kikapu cha mbali ni pointi 3 na cha karibu 2, na kwa nini timu ikishika mpira hupewa sekunde 24 tu kuurusha. Mama asiyeelezwa hayo atachoka mapema, naye akiondoka ataondoka na watoto.

Na mchezo wenyewe haumli mtu siku nzima: ni vipindi vinne vya dakika 10. Ukianza saa tisa alasiri, familia itakuwa imekwisha kurudi nyumbani kabla ya magharibi.