Kumtoa Mtoto Kwaya si Kumfaulisha



Wapendwa waamini, kila mwaka inapokaribia mitihani ya taifa, parokia zetu hushuhudia jambo lile lile. Watumikiaji hupungua altareni, sauti za watoto hufifia kwayani, na vikundi vya Utoto Mtakatifu hubaki na wadogo ambao bado hawajafika madarasa ya mitihani. Ukiuliza, jibu ni moja: “Padre, yuko tuisheni.” Na mtoto akileta ripoti yenye alama mbaya, adhabu ya kwanza kutajwa nyumbani ni kuondolewa kwaya au kukatazwa uwanja wa mpira. Juma hili napenda kusema bila kuzungukazunguka: desturi hii haina msingi katika elimu, wala haina msingi katika imani.

Nieleweke vema. Sipingi masomo ya ziada. Mtoto aliyeachwa nyuma katika hisabati anahitaji mtu wa kumshika mkono, na mwalimu aifanyaye kazi hiyo kwa haki anastahili ujira wake. Ninachokipinga ni ile imani kwamba kila saa ambayo mtoto hayuko mbele ya ubao ni saa iliyopotea. Itazameni siku ya mtoto wa darasa la saba katika miji yetu. Anaamka alfajiri kugombania daladala, anashinda shuleni hadi alasiri, anaingia tuisheni hadi giza linapoingia, kisha anasinzia juu ya daftari. Jumamosi ni vivyo hivyo, na siku hizi hata asubuhi ya Dominika imeanza kuliwa. Huyo tunamwita mwanafunzi, lakini punda wa kubeba mizigo hupewa mapumziko kuliko yeye.

Taifa letu liliwahi kuijaribu njia hii. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, mashindano ya michezo ya shule, UMITASHUMTA na UMISSETA, yalisimamishwa kwa miaka kadhaa, kisha yakarejeshwa. Ilipofika Februari 2013, yakatangazwa matokeo ya kidato cha nne ya mwaka 2012, na zaidi ya nusu ya watahiniwa walikuwa wamepata sifuri, hata ikabidi matokeo yale yapangwe upya. Sisemi kwamba kukosa mpira ndiko kulikowaangusha, maana matatizo yalikuwa mengi. Nasema tu kwamba vituo vya tuisheni vilikuwa vimejaa mitaani wakati huo huo, na havikutuokoa.

Wako watakaouliza kama michezo na kwaya vyaweza kweli kumsaidia mtoto darasani. Swali hili limechunguzwa sana nchini Marekani, na majibu yake yanatudai unyofu. Serikali ya nchi hiyo ilifadhili vituo vya kuwapokea watoto baada ya masomo, na taarifa ya mwisho ya tathmini, iliyotoka mwaka 2005, ilionesha kwamba kwa wanafunzi wa shule za msingi vituo hivyo, kwa wastani, havikuinua alama, na kwamba utovu wa nidhamu uliongezeka katika baadhi ya mambo. Mzazi mpinga kwaya asishangilie mapema. Mwaka 2010 watafiti Durlak, Weissberg na Pachan walikusanya na kulinganisha tafiti nyingi za shughuli za aina hiyo, zile zenye lengo la kumjenga mtoto katika tabia na mahusiano. Waligundua kwamba shughuli zilizofundisha hatua kwa hatua, zilizomtaka mtoto atende mwenyewe badala ya kukaa na kusikiliza, zilizotenga muda kwa ajili ya jambo hilo na zilizokuwa na lengo linalotajwa wazi, ziliinua mwenendo wa watoto na alama zao pia. Zile zilizokosa sifa hizo hazikuleta matunda hayo.

Basi hukumu haiangukii michezo wala kwaya. Inaangukia shughuli isiyo na mpango, ambapo watoto wanakusanywa ili tu wasizurure. Kwaya ya watoto inayoendeshwa vizuri inazo sifa zile zote. Wimbo hujifunzwa mstari kwa mstari, kila mtoto huimba mwenyewe, naye hujua kwamba Dominika waamini watamsikia. Humo hujifunza kuwahi, kusubiri zamu yake, kumsikiliza jirani na kurudia kosa hadi litoke. Ni masomo yale yale ambayo mwalimu wa darasani analalamika kwamba mtoto hana.

Nitajibiwa kwamba watoto wanaojiunga na vikundi ni wale wenye malezi mema tangu mwanzo, hivyo sifa ni ya wazazi. Hoja hiyo ina uzito. Lakini tazameni upande wake wa pili: mtoto mwenye nyumba tulivu, taa na vitabu anaweza kukosa kikundi na bado akasimama. Mtoto ambaye mlezi wake anarudi sokoni usiku, huyu akiondolewa kwaya hatakwenda maktaba. Atakwenda kijiweni. Adhabu yenu inamwangukia aliye dhaifu.

Kanisa halikulijua jambo hili jana. Mtakatifu Yohane Bosco alianza utume wake kwa vijana wa Torino tarehe 8 Desemba 1841, na mwalimu huyo hakuwahi kutenganisha katekesimu, uwanja wa michezo, muziki na masomo ya jioni. Malezi yake aliyasimika juu ya akili, dini na upendo, na aliwataka walezi wawepo uwanjani pamoja na vijana, si kuwachungulia dirishani. Naye Mwalimu Nyerere, katika Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967, alikosoa elimu inayopimwa kwa mitihani peke yake. Hakuna hata mmoja kati ya hawa wawili aliyedharau darasa.

Sasa nawageukia ninyi viongozi wa vikundi vyetu, maana wazazi nao wana malalamiko ya haki. Mazoezi yanayoanza saa moja baadaye kuliko ilivyotangazwa, watoto wanaorudi nyumbani usiku bila msindikizaji, mlezi anayefika akiwa na simu sikioni: hayo siyo malezi. Kikundi cha namna hiyo ndicho kinachompa mzazi sababu ya kumtoa mtoto wake.

Kwa hiyo naomba mambo manne. Mazoezi ya watoto yamalizike kabla ya saa kumi na mbili jioni. Kila kikundi kiwe na watu wazima wawili wanaojulikana kwa wazazi, nao wawepo tangu mwanzo hadi mwisho. Walezi waulize habari za shule, na mtoto anayelegea asaidiwe na wanakwaya wakubwa walio sekondari au vyuoni, pale pale parokiani, kabla ya mazoezi kuanza. Na ninyi wazazi, ripoti mbaya ikija, njooni tuzungumze na mlezi na mwalimu kabla hamjamkatia mtoto kamba moja aliyobaki ameishikilia. Walimu Wakatoliki mnaofundisha tuisheni, iacheni asubuhi ya Dominika.

Luka anatuambia (2:52) kwamba Yesu alikua katika hekima na kimo, akimpendeza Mungu na watu. Mambo hayo yalikwenda pamoja. Watoto wetu nao wana akili, wana mwili, wana roho, na wana jirani wa kuishi naye. Anayelisha kimoja na kuvinyima chakula vingine asishangae kiumbe kizima kikidhoofu.

Nawatakia Dominika njema. Mungu awabariki.